Maneno ya Mwanne

Ijumaa ilikuwa siku ya pilau. Siku nyingine Mwanne alipika ugali na wali wa nazi kama mama lishe wengine wa Kariakoo, lakini Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, makuli wa mtaa wa Mkunguni na vijana wa maduka ya vitenge walijaza mabenchi yake, na waliokosa nafasi walikula wamesimama, sahani mkononi, mgongo ukutani.

Ijumaa hiyo kuli mmoja alipokea sahani yake, akaonja, akafumba macho. Kisha akasema kwa sauti nyembamba ya kike, akiyavuta maneno kama watu wa kusini: "Nimepika pilau la harusi ya mume wangu mwenyewe, naambiwa limekosa chumvi."

Benchi zima likacheka. Mwanne alikuwa ameinamia sufuria. Aliinuka taratibu, upawa mkononi, akamuuliza yule kijana maneno hayo kayatoa wapi.

"Mama, wewe ndiyo wa kuniuliza mimi?" kuli akasema. "Si muvi mpya ya shemeji yako? Mjini hapa hakuna asiyeijua."

Alidhani anamfurahisha. Mtaa ule wote ulijua kwamba Mwanne anaishi kwa mdogo wake Waridi, na kwamba mume wa Waridi ndiye Kasuku wa Gerezani, yule anayetafsiri filamu za Kihindi na za Kikorea kwa Kiswahili, ambaye sauti yake husikika katika mabanda ya video, katika saluni na katika mabasi ya mikoani. Kuwa shemeji wa Kasuku ilikuwa heshima. Kwa hiyo wakaendelea. Mmoja akasema pilau la leo halina kasoro, bibi harusi ale tu. Mwingine akaomba chumvi ya mume. Mwanne akatabasamu kama mtu aliyekanyagwa kwenye msongamano na hataki ugomvi, akarudi kwenye sufuria. Waliokuja nyuma waliona kwamba siku hiyo nyama zilipakuliwa ovyo. Huyu kapata tatu, yule hana hata mfupa.

Alifunga mapema. Alifika nyumbani mtaa wa Sikukuu jua likiwa bado kali, akaosha vyombo uani, akavirudia tena kuviosha.

*

Kasuku, au Mbaruku kwa jina alilopewa na wazazi wake, hakuwa mtu mbaya. Majirani walimsema kwa mengi, kwamba anapenda sifa, kwamba anachelewa kuamka, lakini hakuna aliyewahi kusikia amemtolea mkewe neno chafu. Mwanne alipoachika na kuja kutoka Lindi na begi moja, Mbaruku ndiye aliyempisha chumba cha mbele na kuhamishia kitanda chake nyuma ya pazia. Alimwita shemeji, na alimaanisha.

Chumba chake cha kurekodia kilikuwa nyuma ya duka la filamu la Isidori, kimezungushiwa magodoro ya zamani ili honi za barabarani zisiingie. Humo alikaa mbele ya maiki, picha ikipita, akisoma maandishi ya Kiingereza yaliyo chini na kuyageuza papo hapo. Lakini wateja hawakumpendea tafsiri. Walimpendea alivyojazia. Mwizi wa Bombay akikimbia, Mbaruku alimpitisha Jangwani na Msimbazi. Mama mkwe wa Kikorea akifungua mdomo, alitoka na lugha ya uswahilini. Kanuni ya Isidori ilikuwa moja tu, kwamba asinyamaze, kwa sababu mtafsiri akinyamaza mteja anadhani spika imekufa na anarudisha filamu.

Filamu hiyo ya Kihindi ilikuwa ya mwanamke aliyeletewa mke mwenza. Katikati yake kulikuwa na kipande kirefu. Ngoma zinapigwa nje, harusi imechangamka, na yule mke mkubwa amesimama jikoni peke yake. Hapakuwa na maandishi chini. Isidori alikuwa mlangoni, na kwa mkono akamwashiria aseme kitu.

Ndipo maneno ya Mwanne yalipomjia.

Aliyasikia mwezi wa Ramadhani. Alikuwa na homa, amelala nyuma ya pazia, na ndugu wale wawili walikuwa upande wa pili wakichambua mchele. Walidhani amesinzia. Mwanne alimsimulia mdogo wake kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Mumewe, Ridhiwani, alipooa mke wa pili, mama mkwe alimwomba Mwanne apike pilau la harusi, kwa kuwa pale kijijini hakuna aliyempita kwa mapishi. Akapika. Sinia lilipofika mbele ya wageni, Ridhiwani alimwita, akamwambia mbele ya watu wote kwamba limekosa chumvi. Halikukosa. Yeye alijua, na Ridhiwani alijua. Mwanne alisema, "Nisamehe mume wangu," akarudi jikoni, akaanza kumenya vitunguu ambavyo hakuna chakula kilichovihitaji, ili atakayeingia amkute na sababu ya kutoa machozi.

Nyuma ya pazia, Mbaruku alilia pia. Hilo ni kweli, na baadaye alilishika sana, kana kwamba lingeweza kumtetea.

Mbele ya maiki alianza kuyasema kwa upole. Lakini Isidori alitikisa kichwa na kuzungusha kidole hewani, maana yake changamsha. Mbaruku akaipandisha sauti, akaifanya nyembamba, akaivuta kama watu wa Lindi. Akalitia pilau, akaitia chumvi, akavitia na vitunguu. Isidori alicheka hadi akashika mlango. Picha ikapita, wakaendelea na kipande kingine, na kazi ilipokwisha wakaenda kunywa kahawa. Mbaruku akajiambia kwamba Mwanne hatazami filamu.

*

Jioni ya Ijumaa hiyo walikula wote mkekani, kama kawaida. Ummy, binti wa Mbaruku na Waridi, wa darasa la tatu, alimega ugali, akauchovya, akanyanyua pua juu. Watoto huyashika ya mtaani kabla ya wakubwa.

"Baba, mchuzi huu umekosa chumvi kama pilau la harusi," akasema.

Waridi akamwambia ale. Lakini Mwanne akaweka tonge chini na kumwomba mtoto, kwa sauti laini, amwambie yote jinsi yanavyokwenda. Ummy akafurahi. Akapiga magoti, akabana pua, akayasema maneno yote na vitunguu vyake, mpaka machozi ya kusingizia akayafuta kwa upande wa gauni.

"Unaweza kweli," Mwanne akamwambia. Kisha akainua macho, akamtazama Waridi.

Alimtazama Waridi, wala hakumgeukia Mbaruku hata kidogo. Filamu ilikuwa kazi ya mwanaume, na mwanaume anasema aliyopewa. Aliyempa ni nani, hilo halikuhitaji ramli, kwa sababu siri ya vile vitunguu ilikuwa na masikio mawili tu duniani, ya Waridi. Waridi naye alikuwa ameganda, mkono ndani ya bakuli. Mbaruku aliyaona yote hayo, na mwanya wa kusema ulikuwepo, mpana kama mlango wa soko. Akaomba maji ya kunawa.

*

Asubuhi Mwanne hakwenda kazini. Alimfuata Waridi uani, na ingawa alisema kwa sauti ya chini, wapangaji wote walijifanya wana shughuli karibu na kamba za nguo.

"Nilikuambia wewe peke yako," alisema. "Mama amekufa hajui. Wewe nilikuambia kwa sababu ni damu yangu."

Waridi aliapa kwa Mungu na kwa mtoto wake kwamba hajawahi kulitamka. Mwanne alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza basi limefikaje kwenye filamu. Waridi akarudi ndani, akamkuta mumewe anavaa viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba Ummy, niambie ukweli. Mimi ndiye niliyekuambia?"

Mbaruku alikuwa anafunga kamba. Alizifunga polepole. Angeweza kusema kwamba alisikia mwenyewe, ingekuwa aibu ya siku moja. Lakini ingebidi aseme pia kwamba alilala pale akisikiliza, na kwamba aliyachukua akijua ni ya nani, na kwamba alichekesha nayo.

"Labda uliniambia siku moja," akasema. "Watu wakilala pamoja wanaongea mengi. Mimi sikumbuki vizuri."

Waridi alikuwa mwanamke asiyejiamini katika mambo ya kumbukumbu. Husahau ufunguo, husahau sufuria jikoni. Uso wake ukabadilika kidogo kidogo, kama mtu anayekubali ugonjwa alioambiwa na daktari. Akasema basi ni yeye. Akasema hata hakumbuki, ndiyo ubaya wa mdomo wake.

Mbaruku alitoka. Alipofika uani akakumbuka kwamba amesahau simu, akarudi. Kutoka mlangoni akaona, katika chumba cha mbele, mkewe amepiga magoti mbele ya dada yake, ameishika miguu yake, anamwomba msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya. Mwanne alikuwa amekaa wima, anatazama ukuta. Mbaruku aliiacha simu, akaondoka.

*

Alikwenda kwa Isidori akamwomba aiondoe ile filamu. Isidori alikuwa anamwekea mteja filamu kwenye flashi. Alimaliza kwanza, akamsindikiza mteja kwa shukrani, kisha ndipo akamgeukia.

"Kaka, umelogwa? Tangu tuanze kazi hatujawahi kubamba hivi. Watu wanataka sehemu ya pili."

Mbaruku akamweleza kwamba maneno yale ni ya mtu. Isidori akasema maneno yote ni ya mtu. Mbaruku akasema ya shemeji yake, Mwanne, yule anayepika Mkunguni, ambaye hata yeye Isidori hula kwake. Isidori alivua kofia, akajikuna, akaivaa tena. Halafu akasema, bila ubaya, kwamba anaweza kuifuta dukani kwake saa hiyo hiyo, lakini imeshaingia kwenye simu za watu. Vijana wamekata kile kipande wanakirusha. Je, Mbaruku atapita Mnazi Mmoja, mtu mmoja mmoja, akiwaomba simu zao?

"Imefika na Lindi," akaongeza. "Kondakta mmoja wa basi la huko kaniambia abiria wanaitaka kila safari. Wanasema huyo mwanamke wanamjua."

Lindi ilipiga simu yenyewe siku ya tatu yake. Aliyepiga ni dada wa Ridhiwani, wifi wa zamani. Mwanne alipokea akiwa amekaa kizingitini, na kwa kuwa spika ya simu yake ilikuwa mbovu, sauti ya ndani ilisikika hadi kwa Mbaruku aliyekuwa anakunywa chai. Yule mwanamke hakupiga kelele. Alisema kwamba familia imesikitika. Kwamba Mwanne aliondoka kwa amani, hakuna aliyemfukuza, na kama alikuwa na dukuduku angekuja kusema kwa wazee, si kwenda kuwauza mjini. Kwamba watoto wa mke mdogo wanaitwa Chumvi shuleni, na yule mkubwa amekataa kwenda shule. Watoto wamekosa nini?

Mwanne alijibu neno moja tu, kwamba amesikia. Watoto wale alikuwa amewabeba mgongoni kabla hajaachika. Alikata simu, akaingia chumbani, na muda si muda zipu ya begi ikasikika.

Waridi alikuwa amesimama katikati ya nyumba, mikono juu ya kichwa. "Nimeua," akasema. "Mdomo wangu umeua."

Hapo ndipo Mbaruku aliposhindwa kuvumilia.

*

Aliwaambia wote wawili, akiwa amesimama, maana hakuona kwamba anastahili kukaa. Alisema kwamba Waridi hajasema kitu. Alisema juu ya homa, pazia, na mchele. Alisema kwamba alijua ni maneno ya Mwanne tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, na kwamba ile sauti nyembamba ilikuwa yake, hakuna aliyemlazimisha. Alijaribu kusema kwamba alilia, akaona sura zao, akaliacha.

Waridi ndiye aliyeanza kusema, na hakuuliza lolote kuhusu filamu.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikaa pale kitandani nikakuuliza. Ukaniacha niende nikapige magoti."

"Niliogopa, mama Ummy."

"Uliniona nimepiga magoti?"

Mbaruku angeweza kukana. Akasema alimwona. Waridi akaitika kwa kichwa, akavuta kanga yake vizuri mabegani, akaenda kukaa mbali naye, karibu na mlango.

Mwanne alikuwa bado ameshika begi. Hakulia wala hakutukana. Alisema anataka kuiona hiyo filamu.

Mbaruku akasema haina haja, shemeji. Mwanne akasema ana haja, kila mtu mjini kaiona isipokuwa yeye. Basi Mbaruku akaitafuta kwenye simu yake, akaisogeza hadi kwenye kile kipande, akaweka simu juu ya meza na kurudi nyuma. Wakatazama. Mwanamke wa Kihindi amesimama jikoni, amevaa sari ya kijani, ngoma nje, na juu ya uso wake sauti ya Mbaruku ikicheza, nyembamba, ikibana pua. Katika chumba kile hakuna mtu aliyecheka, na bila vicheko sauti ile ilikuwa kitu cha ajabu sana. Mbaruku hakuwahi kuisikia hivyo.

Kipande kilipokwisha Mwanne akamwomba arudishe, kisha azime sauti. Akasogea karibu. Alimtazama yule mwanamke kwa makini, kama mtu anavyomtazama jamaa aliyepotezana naye.

"Hapa yeye mwenyewe anasema nini?" akauliza.

"Hasemi kitu, shemeji. Amenyamaza tu."

"Muda wote huu?"

"Muda wote."

Mwanne akangoja mpaka picha ikapita.

"Basi aliamua kunyamaza," akasema. "Na wewe ukamnyang'anya hata hilo."

*

Siku iliyofuata Mbaruku alikwenda dukani akairudia filamu nzima. Kile kipande alikiacha kama kilivyo, ngoma na jiko na yule mwanamke, yeye akiwa ameondoa mdomo kwenye maiki. Isidori alimruhusu, ingawa alijua haitauzika. Wateja walioichukua waliirudisha wakisema imeharibika, sauti inakatika katikati, na wengi wakatafuta ile ya zamani kwa marafiki. Ile ya zamani bado ipo. Ukipita Kariakoo leo, kati ya wauza mitumba, unaweza kumsikia mtu akiambiwa kitu chake kimekosa chumvi, na anayesema hajui tena neno hilo limetoka wapi.

Mwanne alihama. Hakurudi Lindi, alipata kazi ya kumpikia bibi mmoja wa Kihindi Upanga, mjane anayeishi ghorofa ya juu na hataki kelele. Nafasi yake ya Mkunguni aliichukua mwanamke mwingine, na makuli walilalamika juu ya pilau lake mpaka wakazoea. Yeye na Waridi walipatana polepole. Alimwomba mdogo wake msamaha, na hilo lilikuwa gumu kwao wote wawili, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameshawahi kuomba msamaha kwa kosa lisilo lake. Siku za Jumapili Waridi na Ummy humfuata Upanga. Mbaruku humsalimu kwa simu, naye huitika, humuuliza hali, humwambia amsalimie mkewe. Hajawahi kumkatia simu. Hajawahi pia kumweleza lolote zaidi ya kwamba hajambo.

Nyumbani hapakuwa na ugomvi. Waridi alimpikia, alimpigia pasi shati, alimjulisha sabuni ikiisha. Mbaruku alianza kuamini kwamba yamepita. Aliacha kutafsiri filamu za mapenzi, akabaki na za vita, ambazo mtu anaweza kuzijaza kwa milio tu. Isidori alisema soko linashuka. Mbaruku akamwambia anajua.

Kisha asubuhi moja, Mbaruku akiwa kwenye foleni ya maji uani, Evarista, mpangaji wa chumba cha pili, alimpa hongera. Mbaruku akauliza ya nini. Yule mama akashtuka, akasema alidhani anajua, yeye aliambiwa tu na nesi wa kliniki ambaye ni binamu yake. Mkewe ana mimba, na si changa. Tumbo limeshatimiza miezi minne.

Aliiacha ndoo pale pale. Waridi alikuwa chumbani anakunja nguo zilizotoka kuanuliwa, na alipomwona mlangoni alijua mara moja amekuja na nini.

Mbaruku akamuuliza kama Mwanne anajua. Waridi akasema anajua. Ummy je? Ummy pia, na ameweza kunyamaza, mtoto yule.

"Kwa nini mimi sikuambiwa?"

Waridi alimaliza kukunja gauni, akalilaza juu ya mengine, akalipapasa kuondoa mikunjo.

"Ningekuambia," alisema. "Nilitaka kwanza neno hili likae kwangu peke yangu."

Hakusema kwa hasira. Akainama, akachukua shuka kubwa la kitanda, akaanza kuhangaika nalo peke yake. Mbaruku alisimama kidogo. Kisha akaingia ndani, akashika ncha mbili za upande wa pili, wakalinyoosha, wakalikunja, wakasogeleana na kuachana na kusogeleana tena mpaka likawa dogo.